Maoni yetu hayana Fomu 34A: barua ya wazi kuhusu makubaliano ya 7 Machi 2025

Kwa:
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Taifa,
Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Waheshimiwa viongozi wa vyama vya UDA na ODM,
Nairobi.

YAH: OMBI LA WAANGALIZI HURU KATIKA UKUSANYAJI WA MAONI YA WANANCHI KUHUSU MAKUBALIANO YA KISIASA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Historia na Kiswahili katika shule za upili za Kaunti ya Kilifi kwa miaka 31, na katika uchaguzi wa 2017 na wa 2022 nilikuwa mwangalizi kwenye vituo vya kupigia kura. Sina kadi ya chama chochote. Na mapatano yenyewe, yale ya Rais William Ruto wa UDA na Mheshimiwa Raila Odinga wa ODM, sina ugomvi nayo. Nitaeleza mbele kwa nini.

Hii si barua yangu ya kwanza juu ya jambo hili. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi iliyoandaa kikao cha kukusanya maoni hapa kwetu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa posta, nikiomba nakala ya kumbukumbu za kikao hicho kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Siku 21 zikapita, miezi ikafuata, na nilipokwenda kuuliza nikaambiwa faili limepelekwa Nairobi. Ofisi hiyo sitaitaja. Watumishi wake walitumwa kazi kwa utaratibu mbovu, na kumwaibisha mtumishi hakutatengeneza utaratibu. Nawaandikia ninyi, tena hadharani, kwa kuwa utaratibu uko mikononi mwenu.

Naomba nianze na kikao chenyewe, maana yote nitakayoyasema yametoka humo.

Kilikuwa cha kusikiliza maoni juu ya mapendekezo yaliyozaliwa na mapatano ya wakubwa wa siasa, na pendekezo mojawapo lilikuwa kuongeza vyeo serikalini. Kilifanyika darasani, katika shule moja ya msingi upande wa bara wa Kilifi, madawati yamesukumwa ukutani. Nilikaa mbele kabisa, bega kwa bega na karani, kwa sababu sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Karani alikuwa kijana mpole. Mbele yake lilikuwa daftari kubwa, na ndani amechora kwa rula safu nne: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, maoni. Safu ya maoni ilikuwa na upana wa vidole vitatu.

Akasimama bibi mmoja, mkongojo mkononi, akazungumza Kigiriama kwa kama dakika sita. Alisema wakubwa wakipatana yeye anashukuru, kwa sababu wakigombana wanaokimbia nyumba zao ni watoto wake. Alisema cheo kipya hakikatai moja kwa moja, lakini anataka kujua mshahara wa hicho cheo utatoka wapi iwapo zahanati ya hapo haina hata dawa ya homa. Akamalizia kwamba kama ni lazima vyeo viongezwe, basi watu waulizwe kwa kura, kila mtu na karatasi yake. Darasa zima likampigia makofi. Mkalimani akafasiri kwa sentensi moja: bibi anashukuru viongozi wamepatana. Karani akainama, akaandika maneno mawili. "Anaunga mkono."

Nilimgusa mkono nikamwambia, "Mwanangu, sivyo alivyosema." Akaniangalia, akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, nafasi ni hii tu." Akanionyesha ile safu.

Waheshimiwa, sijaweza kuyasahau maneno yale mawili. Bibi yule alitembea kutoka kwake hadi pale, akangoja zamu yake tangu asubuhi, akasema jambo lenye kukubali ndani yake, na swali, na sharti. Kilichobaki ni alama ya ndiyo. Ripoti ikiandikwa kwamba wananchi wengi wa wadi hii wameunga mkono, yeye yumo katika hao wengi, na hajui.

Nilipokuwa mwangalizi mwaka 2022 niliona kura inavyolindwa. Sanduku likifunguliwa, mawakala wa kila upande wapo. Karatasi inainuliwa kila mtu aione. Hesabu inaandikwa katika Fomu 34A, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni mwa kituo. Vituo vilikuwa 46,229, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaziweka fomu zake mtandaoni, hata mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Doha alikuwa akizijumlisha usiku akiwa kitandani mwake. Hatukukubaliana sote juu ya matokeo, na kesi ilifika Mahakama ya Juu. Lakini kila aliyebishana alibishana akiwa na karatasi mkononi.

Maoni ya bibi yule hayana Fomu 34A. Hakuna wakala aliyeyashuhudia yakiandikwa, hakuna nakala iliyobandikwa mlangoni, na leo akitaka kujua iliandikwa alisema nini, jibu limo katika faili lililopelekwa Nairobi.

Jambo hili lina haraka yake. Tarehe 7 Machi 2025, katika jumba la KICC, Rais William Ruto na Mheshimiwa Raila Odinga walitia saini makubaliano yenye mambo kumi. La kwanza ni kutekeleza kikamilifu ripoti ya Kamati ya Kitaifa ya Mazungumzo, NADCO, iliyoongozwa na Mheshimiwa Kimani Ichung'wah na Mheshimiwa Kalonzo Musyoka mwaka 2023. Mengine yanagusa ugatuzi, deni la taifa, ufisadi, vijana, haki ya kuandamana kwa amani na fidia kwa walioumizwa. Baadhi ya mapendekezo ya NADCO, kama vile ofisi ya Waziri Mkuu na ya Kiongozi wa Upinzani, hayawezi kusimama bila kuigusa Katiba. Kisha tarehe 15 Oktoba 2025 Mheshimiwa Raila Odinga akatuaga, Mungu amrehemu. Mmoja wa wawili walioshika kalamu hayupo tena kutueleza alikusudia nini, na kila upande utamsemea lake. Sisi wananchi tukiulizwa, na ni haki yetu kuulizwa, majibu yetu yanahitaji ulinzi kuliko wakati wowote.

Haya ndiyo yanayonitia wasiwasi.

1. Kinachoandikwa sicho kinachosemwa.

Hili ndilo kubwa, na ndilo nililoliona kwa macho yangu. Kazi ya kuyaandika maneno ya watu kama walivyoyasema si ngeni nchini kwetu. Mwaka 2002 Tume ya Kurekebisha Katiba, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ilizunguka majimbo yote 210 ya wakati huo, na kila jimbo likaandikiwa ripoti yake. Maneno yaliyosemwa katika vikao yalinukuliwa neno kwa neno: nani alisimama, alisema nini, kamishna alimwuliza nini, akajibu nini. Nimewasomesha wanafunzi kurasa hizo. Mtu anaweza kuona mvuvi wa pwani alilalamikia nini na mfugaji wa kaskazini alitaka nini, bila ya mtu wa katikati kumfupishia. Hiyo ilikuwa miaka ambayo wengi wetu hatukuwa hata na simu ya mkononi. Leo kila karani ana simu inayorekodi sauti kwa saa nzima, na bado tunapewa vidole vitatu.

Tena kuna fasiri. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tena kinaitaka dola ikuze lugha za wenyeji na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mkalimani wa siku ile alikuwa mtu aliyepatikana palepale, hakuapishwa wala hakupewa maelekezo, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Simlaumu. Fasiri ya dakika sita kwa kichwa, bila kuandika, ni kazi ngumu hata kwa aliyesomea.

2. Taarifa hufika wakati haina kazi.

Tangazo la kikao kile lilifika kwa chifu jioni, na kikao kilikuwa kesho yake asubuhi. Hati yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi, nakala moja, nayo ilikuwa juu ya meza ya waandalizi. Katika uamuzi wake wa Novemba 2019, kwenye kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, Mahakama ya Juu ilieleza ushiriki wa umma unataka nini: jambo linalojadiliwa liwe wazi, utaratibu uwe rahisi kueleweka, watu waelimishwe kwanza, kila upande upewe nafasi ya haki ya kusikika, na yote yafanywe kwa uadilifu na uwazi. Ikasema usiwe wa kutimiza desturi tu. Sheria tunayo, basi. Asiyekuwepo ni mtu wa kukaa mlangoni na kuandika kwamba siku hiyo sheria ilifuatwa au haikufuatwa.

3. Walioletwa na waliokuja.

Matatu mbili zilifika zimejaa, watu wakashuka, wakakaa pamoja, wakasimama kusema mmoja baada ya mwingine, na baada ya kikao wakaitwa nyuma ya jengo. Sikuona walichopewa, kwa hiyo sitasema walipewa nini. Lakini naomba nieleweke vizuri: kumpa nauli mzee aliyetoka mbali si dhambi. Mtu anaacha shamba lake, anapanda bodaboda, anashinda na njaa. Kumrudishia gharama ni ubinadamu. Ninachokitaka ni nauli itolewe mbele ya watu wote, kwa kiasi kimoja, kwa kila aliyehudhuria, aliyeunga mkono na aliyepinga, na iandikwe. Fedha inayotolewa nyuma ya jengo humchafua hata aliyeipokea kwa nia njema.

4. Majina na namba zetu za vitambulisho.

Januari 2021 IEBC ilipoweka hadharani orodha ya walioripotiwa kutia saini za kuunga mkono BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba uliotokana na mapatano ya 2018, walitokea Wakenya waliokuta majina yao humo na wakasema hawakutia saini popote. Miezi michache baadaye wengine wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Tangu hapo mtu akiambiwa aandike namba ya kitambulisho penye kikao cha siasa anasita, na ana haki ya kusita. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze anazikusanya kwa ajili gani. Sisi hatukuelezwa.

5. Anayetia saini ndiye anayechagua wa kuhesabu.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ulipo mzizi.

Tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Mheshimiwa Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Tulifurahi, mimi nilifurahi. Kikaundwa kikosi cha BBI cha kukusanya maoni, kikazunguka kaunti 47, ripoti ikatoka 2019, ikafuata kamati nyingine na ripoti nyingine 2020, kisha mswada. Waliopatana ndio walioteua wa kutuuliza, na waliotuuliza walipeleka majibu kwa waliopatana. Ndani ya mwezi mmoja wa Februari 2021, mabunge ya kaunti yapatayo 40 yakawa yameupitisha mswada huo. Ni wananchi wangapi walikuwa wamesomewa kifungu hata kimoja?

Mahakama Kuu ikausimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huohuo, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho tarehe 31 Machi 2022. Katika uamuzi huo yamo mambo mawili ambayo kila mnaposema "wananchi waliulizwa" ningependa myakumbuke. Kwanza, mahakama iliona kuwa Jedwali la Pili la mswada, lililogawa majimbo mapya 70, liliingizwa bila wananchi kushirikishwa. Majimbo sabini! Ramani ya uwakilishi wa nchi nzima ilipita katikati ya maelfu ya maoni na hakuna aliyeinua mkono kusema, jamani, hili halikuulizwa. Pili, mahakama ilisema IEBC haikuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba waanzilishi wa mswada wametimiza sharti la kuwashirikisha wananchi.

Kama si wajibu wa IEBC, ni wa nani? Nimesoma, nimeuliza mawakili wawili, na jibu ninalopata ni kwamba hadi mtu aende mahakamani, hakuna. Mwanzilishi anajisimamia mwenyewe. Miswada ya kuweka sheria moja ya ushiriki wa umma imeletwa Bungeni zaidi ya mara moja kwa miaka mingi, na hadi leo hatuna sheria hiyo.

Nikiwa darasani nilikuwa nawafundisha wanafunzi habari za Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na mfano wake unafaa hapa ingawa ni wa zama za ukoloni. Novemba 1971 serikali ya Uingereza na ile ya walowezi wa Rhodesia, ya Ian Smith, zilitia saini makubaliano juu ya mustakabali wa nchi ile. Sharti moja lilikuwa kwamba watu wa Rhodesia wote waulizwe kama wanayakubali. Januari 1972 ikafika tume iliyoongozwa na Jaji Lord Pearce, ikasambaa mijini na vijijini kuwauliza. Waafrika, wakihamasishwa na baraza lililoongozwa na Askofu Abel Muzorewa, wakasema hapana. Tume ilitumwa na serikali iliyotia saini, na serikali hiyo ilikuwa inatamani jibu la ndiyo. Hata hivyo Pearce na wenzake waliandika walichokisikia, ripoti ikachapishwa Mei mwaka ule, na makubaliano yakaachwa. Daima niliwauliza wanafunzi: je, angetumwa mtu wa Smith na daftari, ingekuwaje? Walijua.

Na jirani zetu Zanzibar, baada ya Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad kupatana Novemba 2009, waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 kama wanaitaka serikali ya umoja wa kitaifa. Zaidi ya asilimia 66 walisema ndiyo. Wasioridhika walikuwepo, lakini hakuna aliyelazimika kukisia watu walisema nini.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, maana mengine nimeshapewa.

Mtasema hakuna fedha. Fedha ya kikao ipo: magari, mahema, vipaza sauti, posho za wajumbe, chakula cha wageni. Mwangalizi mmoja kwa kila kikao, mwenye kalamu na kinasa sauti, hatafikia gharama ya hema. Na BBI ilitugharimu miaka minne, tangu kupeana mkono hadi uamuzi wa Machi 2022, kwa jambo ambalo mwisho wake halikusimama.

Mtasema waandishi wa habari walikuwepo. Huku kwetu alikuja mmoja, akapiga picha mgeni rasmi akifungua kikao, akaondoka naye. Kumwona mtu akifungua kikao si kukisimamia kikao.

Mtasema asiyeridhika aende mahakamani. Bibi wa mkongojo aende mahakamani na nini? Hana nakala ya alichokisema. Na mahakama huja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na nchi ikiwa imegawanyika.

Mtasema makubaliano ni ya vyama viwili, ni mambo yao. Yakibaki kuwa yao, sawa, wala hamhitaji kutuuliza. Yakigusa Katiba, bajeti na vyeo vinavyolipwa kwa kodi, yanakuwa yetu, na hapo Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 118 kinalitaka Bunge liurahisishe ushiriki huo katika kazi zake.

Na mtasema, hili ndilo linaloniuma, kwamba wanaodai waangalizi ni watu wasiotaka nchi itulie. Mimi ni miongoni mwa waliozoa mabaki ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Familia mbili za kutoka Bonde la Ufa zililala katika nyumba yangu ya walimu tangu Januari hadi Aprili 2008, watoto sita chini ya meza ya chakula. Waliokufa nchi nzima walikuwa zaidi ya 1,100. Mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, kati ya Rais Mwai Kibaki na Mheshimiwa Raila Odinga, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, ulinifanya nilie mbele ya redio, na sioni haya kusema. Kwa hiyo mtu asiniambie sijui thamani ya mapatano.

Lakini mkataba ule nao ulifuatiliwa! Taasisi ya utafiti ya South Consulting ilipewa kazi ya kufuatilia utekelezaji wake, na tangu 2009 ilitoa ripoti mara kwa mara, zikasomwa na wote: lipi limefanyika, lipi limekwama, wananchi wanaonaje. Ripoti zile hazikuuvunja mkataba. Serikali ya mseto iliishi nazo hadi tukapata Katiba ya 2010. Mfano umo humu humu nyumbani.

Ninachoomba ni hiki.

Kabla ya kikao kingine chochote cha kukusanya maoni kuhusu makubaliano ya 7 Machi 2025 au ripoti ya NADCO, teueni jopo la waangalizi huru ambalo wajumbe wake hawakuchaguliwa na chama chochote kilichotia saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Chama cha Mawakili, mabaraza ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu, vyuo vikuu na mashirika ya watu wenye ulemavu kila mmoja atoe watu wake. Jopo lisilipwe na kamati inayokusanya maoni, na ripoti yake itoke kwa umma siku ileile inapofika Bungeni, bila kupitia kwa mtu wa kuihariri.

Kila kikao kiwe na fomu yake. Mimi naiita 34A ya maoni. Ninyi iiteni mnavyopenda. Iandikwe waliohudhuria ni wangapi, waliosema ni wangapi, waliokubali, waliokataa, na waliokubali kwa sharti. Hawa wa mwisho ndio wengi, na ndio ambao madaftari yenu hayana safu yao. Fomu itiwe saini na mwangalizi na wananchi wawili waliochaguliwa ukumbini, nakala ibandikwe mlangoni mwa ukumbi kabla magari hayajaondoka, nyingine iwekwe mtandaoni. Sauti ya kikao irekodiwe na itunzwe. Mtu akiona alichosema kimeandikwa vibaya apewe siku 14 za kukisahihisha.

Taarifa itolewe siku 21 kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kwa redio za mitaani, misikitini, makanisani na sokoni. Muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili chepesi utawanywe katika kila kata. Wakalimani wawe wamefunzwa, na wa Lugha ya Ishara awepo bila mtu kumwomba.

Namba za vitambulisho zisichukuliwe kwa ajili ya kutoa maoni. Kama mnataka kuhakikisha mtu mmoja hasemi mara mbili, mwangalizi ataliona hilo kwa macho.

Na Bunge lipitishe sheria ya ushiriki wa umma ambayo ndani yake usimamizi huru ni lazima, usiwe hisani ya mwandalizi.

Wahe. Maspika, naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 21 zilezile za sheria, mseme jopo litaundwa au halitaundwa, na kama halitaundwa, kwa sababu gani. Viongozi wa vyama, kwenu naomba kauli ya hadharani kwamba hamtapinga waangalizi. Kama mna hakika kuwa wananchi wanayataka makubaliano haya, hao ndio mashahidi wenu.

Kwa upande wangu nitafanya ninaloweza. Kikao kingine kikitangazwa hapa kwetu, nitakuwepo mstari wa mbele na daftari langu, pamoja na walimu wastaafu wanne wa tarafa yetu waliokubali kufanya kazi hiyo bila malipo. Nimeshamtembelea bibi yule nyumbani kwake. Nilimsomea nilichokiandika mimi siku ile, akasikiliza hadi mwisho, akasahihisha sehemu moja: hakusema zahanati haina dawa ya homa, alisema haina dawa ya homa wala ya nyoka. Nimeongeza. Nakala yenye alama ya dole gumba lake ninayo, tayari kuiwasilisha kwa jopo mtakaloliteua.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Historia na Kiswahili,
Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Kwa wananchi wote wa wadi yetu waliohudhuria kikao.